Geji ileile, hewa nyingine: uchambuzi wa kisa cha injini iliyovunjika pistoni baada ya kushuka kutoka Mbeya

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji yetu. Majina, rangi ya gari, tarehe na uwanja wa mashindano nimeviondoa kwa makubaliano na mwenye gari. Nakiandika kwa ajili ya mafundi wa Nyanda za Juu Kusini wanaoseti magari ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wake), kwa sababu kosa lililovunja injini hii ni rahisi sana kufanywa na mtu anayefanya kazi zake zote juu huku, halafu gari likaenda kushindana chini.

Gari na watu wake

Gari ni Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE, ile ya VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) na tabo moja. Ni silinda sita kwenye mstari mmoja, kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 71.5, jumla sentimita za ujazo 2,492. Bloki ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi ni aluminiamu. Mwenye gari anafanya biashara ya mazao, na dereva ni mdogo wake wa tumbo moja. Mimi na kijana ninayefanya naye kazi ndio mafundi.

Mbio zenyewe ni za mstari ulionyooka: magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanakimbia robo maili, yaani mita 402. Injini inabebeshwa mzigo wote kwa sekunde chache mno. Kosa likiwepo, halikupi muda wa kusikia mlio na kuondoa mguu.

Tulikuwa tumebadilisha tabo, tukaweka intakula kubwa (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na kontroli boksi ya kusetiwa kwa kompyuta. Pistoni, konrodi (fimbo zinazobeba pistoni), nozeli za kupulizia mafuta na pampu ya mafuta viliachwa vya kiwandani. Busti, yaani mgandamizo unaoongezwa na tabo, tuliifunga kwenye baa 1.0. Kazi yote ya kuseti niliifanya mimi, Mbeya.

Tulivyoliseti

Kontroli boksi ile haina sensa ya kupima hewa inayoingia. Inasoma mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na mizunguko ya injini, kisha inaangalia kwenye jedwali nozeli ifunguke kwa muda gani na plagi iwake lini. Jedwali lina mistari ya mgandamizo. Wangu ulianzia kilopaskali 20 na kuishia 180.

Kwa nini 180? Kwa sababu sikuwahi kuona zaidi sana ya hapo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa inakandamiza kwa takriban kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Geji ya busti iliyo kwenye dashibodi inapima kiasi ambacho hewa ya manifoldi imezidi hewa ya nje. Baa 1.0 ni kilopaskali 100. Ukijumlisha na 82 za nje unapata 182. Mstari wa mwisho wa 180 ulitosha, na kila tulipojaribu mchanganyiko ulikaa vizuri: uwiano wa hewa kwa mafuta 11.6 kwa 1 busti ikiwa imejaa. Nozeli kwenye mizunguko 7,000 zilikuwa zinafunguka milisekunde 15.

Namba hiyo ya 15 ilipaswa kunishtua hata kabla ya safari. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, zamu nzima ya silinda moja inachukua milisekunde 17 tu. Nozeli inayokaa wazi 15 kati ya 17 imebakiza nafasi ndogo sana. Nilijiambia inatosha, na kwa Mbeya ilitosha kweli.

Siku ya mashindano

Gari lilipakiwa kwenye lori, likashuka kwa barabara ya Makambako na Iringa, likapita Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi hadi chini. Jioni tulilishusha, tukaliwasha, likaunguruma vizuri. Hatukugusa kitu chochote. Sentensi hiyo tuliirudia sana siku zilizofuata: "Hatujagusa kitu."

Kesho yake mchana joto lilikuwa kali. Mbio ya kwanza dereva alirudi anacheka. "Fundi, huku lina nguvu kuliko nyumbani!" Muda wake ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kupata. Tulipeana mikono. Geji ilikuwa imeonyesha baa 1.0 kama kawaida.

Mbio ya pili alisema juu kabisa, gia ya tatu, gari linasita kidogo. Nilimuuliza kijana wangu anaonaje, akasema plagi. Tukabadilisha plagi zote sita pale pale kwenye vumbi, za zamani tukazitupa kwenye ndoo bila kuziangalia. Mwenye gari alinisogelea, akauliza taratibu, "Kaka, tuendelee au tupumzishe?" Nikamjibu geji haijapita moja, tuendelee.

Mbio ya tatu, baada ya kama mita 300, moshi wa bluu ulitoka kwa nyuma na kijiti cha oili kikarushwa nje ya bomba lake. Dereva alizima mwenyewe na kuliacha litembee. Kwa hilo nampongeza mpaka leo, maana angeshikilia mguu sekunde mbili zaidi tungepoteza na bloki.

Kufungua injini

Kabla ya kuangusha injini tulipima kompresheni, yaani mgandamizo ambao kila silinda inaweza kuutoa, tukiwa tumesharudi Mbeya. Silinda ya kwanza hadi ya tano zilisoma kati ya baa 9.8 na 10.3. Ya sita ilisoma 3.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu. Geji ya kompresheni nayo inapima kulinganisha na hewa ya nje. Injini ambayo pwani inatoa 12.5, ikipandishwa Mbeya itatoa kama 10.1 bila kuwa na ubovu wowote. Nimeona injini nzima zikihukumiwa kufa kwa sababu fundi alilinganisha namba ya hapa na namba ya kitabu. Kinachohukumu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Tulisukuma hewa ya kompresa kwenye silinda ya sita, ikatokea kwenye bomba la kijiti cha oili. Vali zilikuwa salama, basi. Ubovu uko kwenye pistoni. Tulipong'oa hedi na kuitoa pistoni, kile kikuta chembamba kinachotenganisha mfereji wa ringi (pete ya chuma inayoizunguka pistoni) ya kwanza na ya pili kilikuwa kimekatika kipande cha urefu wa kidole gumba. Ukingo wa juu ya pistoni, upande wa ekzosi, ulikuwa na vitobo vidogo vidogo kama aluminiamu iliyopigwa na mchanga.

Tuliangalia ncha za ringi kwanza. Ringi ikikosa nafasi ya kutanuka, ncha zake hugongana na kung'aa kama kioo, na inaweza kuvunja kikuta hichohicho. Ncha zetu hazikung'aa. Kikabaki kisababishi kimoja: kugonga, yaani mchanganyiko kujilipukia wenyewe baada ya plagi kuwasha na kabla moto haujaufikia. Tukakumbuka ile ndoo ya plagi. Kijana alikwenda kuifukua kwenye lori. Plagi ya silinda ya sita, ile iliyokimbia mbio mbili za mwanzo, ilikuwa na chembe ndogo zinazong'aa kwenye kauri yake nyeupe. Ni aluminiamu ya pistoni. Ushahidi ulikuwa mikononi mwetu kabla ya mbio ya tatu.

Kisha nikafungua kumbukumbu ndani ya kontroli boksi. Mbio ya kwanza kabisa, ile ya kupeana mikono: mgandamizo wa manifoldi kilopaskali 199, uwiano wa hewa kwa mafuta 12.8. Mbio ya tatu: 13.1. Jedwali langu liliishia 180, na kontroli boksi ile ikivuka mstari wa mwisho inaendelea kutoa kiasi kilekile cha mafuta na kuwasha plagi kwa wakati uleule. Hewa iliongezeka karibu asilimia 10, mafuta hayakuongezeka, na hapo ndipo kugonga kulipoanzia.

Kijana hakuelewa mpaka nilipomwonyesha chupa ya maji. Aliifunga Mbeya ikiwa tupu, ikasafiri kwenye dashibodi ya lori. Tulipofika pwani alikuwa ameikuta imebonyea, kama mtu ameiminya, akadhani ni jua. "Kumbe ndiyo hii," alisema, akawa anaigeuzageuza. Hewa iliyoibonyeza chupa ndiyo hiyohiyo iliyoingia kwenye injini, na ndiyo inayotuziba masikio tukishuka Kitonga.

Uamuzi: kununua au kujenga

Mwenye gari alikuwa na njia tatu. Kununua injini nyingine ya mtumba ilikuwa haraka na nafuu, na wengi walimshauri hivyo. Kuijenga ileile kwa pistoni za kiwandani kungegharimu karibu sawa na mtumba. Kuijenga kwa pistoni na konrodi za kufuliwa, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu badala ya kusubiwa, pamoja na mfumo mpya wa mafuta, kungezidi mtumba karibu mara mbili.

Nilimwambia wazi kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba pistoni imara zisingeziba kosa la kuseti. Pistoni ya kufuliwa inavumilia kugonga kwa muda mrefu kuliko ya kusubu, lakini nayo hufika mwisho. Alichagua kujenga kwa sababu alitaka kupandisha busti hadi baa 1.3, na hapo pistoni za kiwandani sikuwa tayari kuzidhamini. Mimi sikudai pesa ya kazi. Hilo ni kati yetu, ila nalitaja kwa sababu liliathiri uamuzi wake.

Tulipanga pesa kwa mpangilio ambao bado nauunga mkono: nozeli na pampu ya mafuta kwanza, kuseti pili, vyuma vya ndani tatu. Wateja wengi hutaka kinyume chake, maana konrodi mpya inapigwa picha na pampu ya mafuta haionekani.

Kujenga upya

Silinda ya sita ilikuwa na michirizi, hivyo bloki yote ilipanuliwa hadi milimita 86.5. Ujazo ukawa sentimita 2,521, nyongeza ndogo isiyo na maana kwa nguvu. Nia ilikuwa kupata ukuta safi.

Bloki ikifungwa hedi, boliti zinavuta chuma na silinda zinapoteza umviringo kidogo. Ukiipanua ikiwa wazi, itakuwa duara kwenye mashine na itapinda ukishafunga. Karakana ya ukerezaji tuliyoitumia haikuwa na bamba la kubania, basi tulikata la kwetu kutoka kwenye chuma kinene, tukatoboa matundu sita ya silinda na ya boliti, tukalifunga juu ya bloki na gasketi katikati kwa mkazo uleule wa hedi. Ilichukua siku nne. Mkerezaji mzee aliyeisimamia alipima silinda ya tatu kabla na baada ya kulifunga, akanionyesha mshale wa geji ukisogea. "Umeona, kijana wangu? Chuma hiki kinatembea."

Kisha tukakutana na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ilikuwa Julai, na asubuhi ya Julai Mbeya maji ya bomba yanauma vidole. Saa moja asubuhi tulipima pistoni na silinda tukapata nafasi ya milimita 0.090. Saa nane mchana, vifaa vilevile, mikono ileile, tukapata 0.076. Kijana alidhani maikromita imeharibika. Sababu ni kwamba aluminiamu inasinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma. Pistoni ilikuwa imepungua kuliko bloki na maikromita. Tulitaka 0.08. Kuanzia hapo tulilaza pistoni, bloki na vipimio chumba kimoja usiku kucha na kupima mchana tu, kipimajoto cha ukutani kikikaribia nyuzi 20.

Ringi ya juu tuliipa nafasi ya milimita 0.48 kwenye ncha, tukazipiga tupa kwa mkono moja baada ya nyingine, kila moja ikipimwa ndani ya silinda yake. Ni kazi ya kuchosha. Usiruhusu mtu akuharakishe hapo.

Kosa letu la pili

Tulinunua gasketi ya hedi ya tabaka za chuma kwa ajili ya busti kubwa. Gasketi ya namna hiyo inataka sura laini sana pande zote mbili. Hedi ilirudi kutoka kusawazishwa ikiwa na mistari ambayo ukipitisha ukucha unaisikia. Niliisikia. Nikajua. Lakini mwenye gari alikuwa amesubiri miezi miwili, nikajiambia mkazo wa boliti utaimaliza.

Siku ya tatu baada ya kuwasha, mapovu yalianza kupanda kwenye rejeta. Tukafungua hedi, tukairudisha isawazishwe upya, tukanunua gasketi nyingine. Wiki tatu na pesa vilipotea kwa sababu ya ukucha niliouamini kisha nikaupuuza.

Kuseti upya na matokeo

Ringi tulizikalisha, yaani tulizizoesha kuta za silinda, kwa kupanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje kwa gia ya tatu, mguu nusu, kisha kushuka kwa kuachia mguu ili injini ijizuie yenyewe. Mlima huo unafaa sana kazi hiyo, maana mzigo ni wa kudumu bila mwendo kuwa mkubwa. Zaidi ya hapo hatukufanya majaribio barabarani. Barabara kuu inayopita Mbeya ina malori ya Tunduma usiku na mchana, na si mahali pa kutafuta nguvu.

Jedwali jipya liliandikwa hadi kilopaskali 260. Baa 1.3 Mbeya inafika 212, pwani inafika 231. Mistari iliyobaki ni ya ajali, na imejazwa mafuta mengi na moto wa kuchelewa, yaani plagi kuwaka baadaye. Nozeli mpya kwenye mizunguko 7,000 zinafunguka milisekunde 11. Tuliweka pia ulinzi: mgandamizo ukipita 240, au mchanganyiko ukivuka 12.3 busti ikiwa imejaa, kontroli boksi inakata nguvu ya injini.

Halafu tulilipeleka gari Dar es Salaam kwenye gereji yenye mashine ya kupimia nguvu, siku mbili kabla ya mashindano, tukaseti mistari ya 215 hadi 235 kwa hewa ya huko na joto la huko. Ilibidi kuchelewesha moto nyuzi tatu zaidi ya nilivyokuwa nimekadiria nikiwa nyumbani. Kukadiria kwangu, kwa hiyo, kungeigongesha injini tena.

Mashindano yaliyofuata lilikimbia mbio tano bila tatizo. Baada ya kila mbio kijana alisoma kumbukumbu kabla dereva hajavua kofia, na plagi ya silinda ya sita ilitolewa na kuangaliwa kwa lenzi. Mbio ya nne ulinzi ulikata mara moja. Tulikuta bomba dogo la busti limelegea na mgandamizo umeruka. Dereva alikasirika kupoteza mbio ile. Mimi nilikaa chini kwa furaha.

Uchambuzi

Kisababishi cha kwanza ni jedwali lililoishia kwenye hewa ya Mbeya. Lakini jedwali peke yake lisingevunja pistoni kama tungesoma kumbukumbu baada ya mbio ya kwanza. Namba 199 ilikuwa pale, 12.8 ilikuwa pale. Hatukuitafuta kwa sababu gari lilikuwa limefanya vizuri, na nguvu zaidi tuliipokea kama zawadi. Gari ambalo hukuligusa likipata nguvu mpya, nguvu hiyo imetoka mahali fulani, na kazi ya fundi ni kuuliza ni wapi kabla ya mbio inayofuata.

Geji ya busti ilituponza kwa kuwa sahihi. Ilisema baa 1.0 na kweli ilikuwa baa 1.0 juu ya hewa ya nje. Siku hizi tunaandika mgandamizo kamili kwa kilopaskali, na kwenye skrini ya dereva geji ile imeondolewa kabisa. Alilalamika wiki moja.

Silinda ya sita kuvunjika kabla ya nyingine hatukuweza kuthibitisha sababu yake. Ndiyo iliyo nyuma kabisa, mbali na pampu ya maji, na tunahisi joto lilichangia. Nozeli za zamani zilipopimwa, ya sita haikutofautiana na wenzake, kwa hiyo hilo tuliliondoa.

Kilichofanya kazi ni kuanza na mafuta na kuseti kabla ya vyuma, lile bamba la kubania, na kuseti mara mbili kwenye hewa mbili. Kilichoshindwa, zaidi ya jedwali, ni haraka: plagi zilizotupwa bila kuangaliwa na hedi iliyofungwa ukucha ukiwa umekataa. Pistoni za kufuliwa siwezi kuziweka upande wowote. Hazijajaribiwa na kosa, na natumaini hazitajaribiwa.

Kompresheni tulipima tena mwezi uliopita: silinda zote sita kati ya 10.1 na 10.3. Kijana ameziandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, na mbele ya namba ameandika "Mbeya".